Mikono Haijitoi

Katika sakafu ya Westminster Abbey, London, kuna jiwe la kaburi la David Livingstone. Maandishi yake yanaanza kwa kusema kwamba marehemu aliletwa na mikono yenye uaminifu, akavushwa nchi kavu na bahari. Yeye mwenyewe ana jina, ana tarehe, ana sifa zake zimepangwa vizuri: mmisionari, msafiri, mfadhili wa wanadamu. Waliomleta ni mikono. Hawana majina, hawana miguu iliyotembea miezi tisa, wala hawana kichwa kilichoamua kutembea.

Nina ugomvi na mikono hiyo. Na kabla hujasema "haya, tumeanza tena habari za wakoloni", nikuambie ndugu msomaji kwamba ugomvi wangu si na Waingereza. Wale walikuwa wanamzika mtu wao kwa lugha ya zama zao. Ugomvi wangu ni na sisi, tunaokaa huku kwenye njia yenyewe ya misafara, ambao mpaka leo tukihubiri juu ya kujitoa tunahubiri juu ya mikono.

Mahubiri yenyewe unayajua. Nimeyasikia zaidi ya mara moja, na si kwa mhubiri mmoja. Yanaanza na Daktari Livingstone akiwa amepiga magoti kitandani kule kwa Chitambo, amekufa akisali. Kisha wanaingia Chuma na Susi, "watumishi waaminifu", wanaubeba mwili hadi pwani. Kisha mhubiri anafunga kitabu, anavua miwani, anauliza: Je, wewe mpendwa, ungekuwa tayari kubeba? Na macho yake yanaangalia viti vya nyuma, walipokaa akina mama wa kufagia kanisa, wanakwaya, na wazee wa jumuiya. Sijawahi kumwona akiangalia viti vya mbele.

Hebu tuanze na Kiswahili chenyewe, maana lugha yetu hapa ina akili kuliko mahubiri yetu. Tuna *kutoa*. Tuna *kutolewa*. Halafu tuna *kujitoa*, na tofauti yote ya maadili imekaa kwenye silabi moja, hiyo *ji*. Mbuzi wa sikukuu hutolewa. Hakuna anayesema mbuzi yule alikuwa na moyo wa kujitoa. Ili mtu ajitoe lazima kwanza awepo, awe na nafsi yake mkononi mwake, aweze kuitoa au kuinyima. Na angalia jinsi neno lilivyo na makali pande mbili: mtu akiondoka kwenye kikundi cha mikopo au cha WhatsApp tunasema *amejitoa*. Neno lile lile! Sidhani kama ni bahati mbaya. Asiyeweza kujitoa kwa maana ya kuondoka hawezi kujitoa kwa maana ya sadaka. Ukimfungia mtu mlango halafu ukamsifu kwa kubaki ndani, unajisifu mwenyewe kwa ufundi wa kufunga milango.

Sasa twende Kwihara. Kutoka hapa Kanyenye si mbali, ni kilomita chache tu, na tembe lenyewe lipo mpaka leo, limekuwa makumbusho. Stanley na Livingstone walifika hapo Februari 1872 wakitokea Ujiji. Stanley akaondoka mwezi uliofuata kwenda pwani. Livingstone akabaki akisubiri watu na vifaa, miezi mitano na zaidi, mpaka Agosti 25 alipoondoka kwenda kusini. Wahubiri husimama hapo, kwenye huo uvumilivu wa kusubiri. Mimi nasema tukio kubwa la Kwihara halikuwa hilo. Tukio kubwa lilikuja Oktoba 1873, Livingstone akiwa amekufa tayari, na hakuna mhubiri anayeligusa.

Mambo yalikuwa hivi. Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake, kama sitini hivi na wanawake na watoto juu yake, walikaa wakashauriana. Walikubaliana kumpeleka pwani. Moyo na matumbo wakavizika chini ya mti. Farijala, aliyewahi kufanya kazi kwa daktari huko Unguja, ndiye aliyepasua. Jacob Wainwright, kijana wa Kiyao aliyesoma katika shule ya misheni ya Nasik huko India, alisoma ibada ya maziko na kuchonga jina kwenye mti. Mwili ukatiwa chumvi, ukakaushwa juani siku kumi na nne, ukafungwa kwa kitambaa na magome ya mti. Safari ikaanza. Wengine waliugua, wengine walikufa njiani.

Miezi mitano baadaye wakafika Unyanyembe, yaani hapa hapa. Na Kwihara wakamkuta Luteni Verney Lovett Cameron wa jeshi la majini la Uingereza, aliyekuwa ametumwa kumtafuta na kumsaidia Livingstone. Cameron aliwaambia: mzikeni hapa. Njia ya mbele ina hatari, kuna Ugogo, kuna watu wasiokubali maiti kupita kwao. Kwa nini mwendelee? Ushauri ulikuwa wa busara, na ulitoka kwa mzungu mwenye cheo, mtu wa serikali ile ile ambayo wao walikuwa wanampelekea maiti.

Wakakataa.

Ngoja nirudie, maana sentensi hii moja ingetosha kubadili mahubiri yote. *Wakakataa.* Wale tunaoambiwa walikuwa mfano wa utii, mbele ya mtu mwenye mamlaka, walisema hapana. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Mwajiri wao alikuwa amekufa. Tabora ilikuwa njia panda ya misafara ya nchi nzima. Mtu aliyejua kazi ya safari asingelala njaa hapa, angepata mzigo mwingine na mshahara mwingine. Wangeweza kujitoa kwa ile maana ya kwanza. Wakajitoa kwa maana ya pili.

Najua jibu la mjanja. Mjanja anasema: bwana, wale walibeba maiti kama risiti. Mwaka 1866 Musa na wenzake kutoka Nzwani walimtoroka Livingstone, wakafika pwani na kudai kwamba ameuawa, ikabidi safari nzima itumwe kuchunguza, na uongo ukafichuka. Kwa hiyo Chuma na Susi waliogopa. Bila maiti nani angewaamini? Nani angewalipa?

Hoja nzuri, na mpaka Kwihara nakubaliana nayo kwa sehemu. Sina shida na mtu aliyetenda wema akiwa na hofu yake na hesabu zake mfukoni. Wema usiochanganyika na chochote nimeusoma kwenye vitabu vya watakatifu tu. Lakini hoja ya risiti inaishia Kwihara. Pale walikuwa na Cameron. Alimwona marehemu alivyofungwa, alizipekua mali zake, hata vyombo vya kupimia akavichukua kwa ajili ya safari yake mwenyewe. Ushahidi gani mkubwa kuliko ofisa wa Malkia? Barua yake moja ingetosha. Kama walitaka risiti, Oktoba 1873 waliipata. Kila hatua waliyotembea kutoka hapa hadi Bagamoyo haikuwa ya risiti.

Na haikuwa ya upole pia. Siku chache baada ya kuondoka Unyanyembe walifika Kasekera, wenyeji wakakataa maiti isipite. Unajua walifanya nini? Waliufungua mwili, wakaufunga upya ukae kama mtumba wa nguo. (Mtumba wa enzi hizo, mzigo wa biashara, si hii ya mnadani.) Kisha wakachukua mabua ya mtama, wakayavika kitambaa yakawa maiti ya bandia, wakawatuma watu sita waibebe kurudi nyuma, eti wanampeleka marehemu kuzikwa Unyanyembe. Wale sita wakaingia porini, wakayatupa mabua kidogo kidogo, wakarudi usiku kujiunga na wenzao. Huo ndio utakatifu wa watu wenye vichwa. Kanisa linalofundisha kwamba kujitoa ni kuinamisha shingo lingepata taabu sana na watu hawa. Wangeitwa mbele ya baraza la wazee kwa kosa la uongo.

Halafu kuna jambo la Susi, ambalo huwa linarukwa kwa adabu. Jina lake aliitwa Abdullah. Chuma alikuwa amebatizwa akiwa India. Susi hakubatizwa mpaka 1886, Unguja, miaka kumi na mitatu baada ya safari hii, akaitwa David. Yaani huyu tunayemtumia kila mwaka kama kielelezo cha moyo wa Kikristo, siku alipofanya alichofanya hakuwa Mkristo. Mimi ni Mkristo na jambo hili halinisumbui hata kidogo. Ukikaa Kanyenye, adhana ikaanza alfajiri na kengele ikafuata, hujifanyi kwamba Mungu amewapa jirani zako moyo mdogo kuliko wako. Linalonisumbua ni ule wizi mdogo: tunachukua tendo la mtu, tunalibatiza bila ruhusa yake, halafu tunalitumia kuwaambia waumini wetu wafanye kazi bure.

Kazi bure. Hapo ndipo mahubiri haya yanapouma, maana hayabaki mimbarini. Katika parokia moja ninayoijua, katekista alizunguka vigango kwa baiskeli zaidi ya miaka ishirini. Alizika watu, alifundisha watoto, alipatanisha ndoa. Padre alikuwa anakuja kigangoni mara moja kwa miezi kadhaa. Alipozeeka magoti yakagoma, akapewa kitenge, cheti, na wimbo. Aliyezungumza siku ile alisema mzee wetu alijitoa bila kujibakiza, na thawabu yake iko mbinguni. Watu wakapiga vigelegele. Mke wa mzee hakupiga. Yeye ndiye aliyelima kile walichokula miaka yote ile, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama na yeye alijitoa au alitolewa.

Wapagazi wa Kinyamwezi wangeshangaa. Stephen Rockel aliandika kitabu kizima juu yao, *Carriers of Culture*, kilichotoka 2006, na picha inayotoka humo si ya punda wa kubebeshwa. Ni ya wafanyakazi waliojivunia kazi yao, waliokubaliana mshahara kabla ya kuinua mzigo, waliodai posho yao, na msafara ukiwadhulumu walitua mizigo chini na kugoma, au waliondoka. Hao ndio babu zetu wa njia hii. Hata kundi la Chuma na Susi, walipofika Bagamoyo Februari 1874, walilipwa mishahara yao. Kaimu balozi wa Uingereza, Kapteni Prideaux, alitoa fedha. Je, malipo yalifuta kujitoa kwao? Kwa akili ya mimbari yetu, ndiyo, maana kwetu kitu kikilipwa kinakuwa si sadaka tena. Ajabu ni kwamba sheria hii inamhusu katekista tu. Sijasikia askofu aliyekataa gari kwa sababu litaharibu moyo wake wa kujitoa.

Sasa tuingie kwenye Maandiko, maana najua nitaambiwa nimetoka nje ya imani. Senti mbili za mjane. Hakuna kisa kinachopendwa zaidi siku ya mavuno. Lakini kwenye Injili ya Luka kisa hicho kinaanza sura ya 21, na mistari ya mwisho kabisa ya sura ya 20 inawahusu waandishi, wanaopenda viti vya mbele na kusalimiwa sokoni, na wanaokula nyumba za wajane. Kula nyumba za wajane, halafu papo hapo anaingia mjane na vijisenti vyake vya mwisho! Aliyegawa sura alitupa mahali pazuri pa kukatia, na sisi tunakata hapo kila mwaka. Mimi nasoma moja kwa moja, na nikisoma hivyo sioni Yesu akiwaambia wajane watoe zaidi. Naona akiwaonyesha wanafunzi wake nyumba inavyoliwa, hata kama anamheshimu sana yule mama, na anamheshimu kweli.

Au ule wimbo wa Wafilipi sura ya 2, ambao kila somo la kujinyenyekeza hutegemea. Paulo anazungumza juu ya mtu aliyekuwa juu kabisa akashuka. Mwelekeo wake ni wa chini. Aliyejimwaga alikuwa amejaa. Sasa wewe unamfundisha kujimwaga mtu ambaye chombo chake hakijawahi kujazwa. Amwage nini? Na katika Yohana 10 Yesu anasisitiza kwamba hakuna anayemnyang'anya uhai wake, anautoa mwenyewe, ana uwezo wa kuutoa na uwezo wa kuutwaa tena. Ile *ji* yetu iko pale. Msalaba bila hiyo *ji* ungekuwa mauaji ya kawaida ya serikali, na Warumi waliyafanya mengi.

Nimeshaulizwa, kwa hiyo unataka tufundishe ubinafsi? Hapana. Nataka tufundishe kujitoa kwa wale wenye cha kutoa na wenye mlango wa kutokea, na tuanze nao. Mwenye ofisi ajitoe ofisi. Mwenye kiti cha mbele akae nyuma Jumapili moja aone mimbari inavyoonekana kutoka kule. Na yule mama wa kufagia kanisa, kabla hatujamwita mtumishi mwaminifu, aulizwe kwanza kama anataka, na kama jibu ni hapana, salamu zake zisibadilike. Hapo akisema ndiyo, hiyo ndiyo yake itakuwa na uzito wa Kwihara.

Nina neno pia kwa ndugu zangu wasomi, maana wengi wenu mnasoma hapa. Ninyi mna mahubiri yenu. Mnasema Chuma na Susi walikuwa na utumwa wa akili, walibeba mifupa ya mtu aliyefungua njia ya ukoloni, ni aibu. Haya, mjadili Livingstone mnavyotaka, nitakaa nisikilize. Lakini tazameni mlichofanya. Mhubiri aliwageuza mikono kwa kuwasifu, ninyi mnawageuza mikono kwa kuwadharau. Wote mmekubaliana kwamba hawakuamua. Chuma, aliyetolewa kwenye minyororo ya wafanyabiashara ya watumwa mwaka 1861 akiwa mtoto, alijua kuliko mimi na wewe tofauti ya kubebeshwa na kubeba. Mpeni basi heshima ya kufikiri kwamba aliijua.

Heshima waliyopewa wakati ule ilikuwa ya ajabu ajabu. Mazishi yalifanyika Aprili 18, 1874. Kati yao wote ni Wainwright peke yake aliyekuwepo, kwa nauli ya Church Missionary Society. Chuma na Susi waliitwa Uingereza baadaye, maziko yamekwisha, wakamsaidia Horace Waller kuandaa shajara za mwisho za Livingstone, kitabu kilichotoka mwaka huo huo. Royal Geographical Society ilitengeneza medali sitini. Zilipofika Zanzibar, wengi walikwishatawanyika, wako kwenye misafara mingine. Chuma alifariki Unguja 1882, Susi 1891. Wainwright aliyeandika shajara yake mwenyewe ya safari ile, ambayo ilichapishwa kwanza kwa Kijerumani, alirudi huku huku kwetu. Alifariki Urambo mwaka 1892, kilomita zisizofika mia kutoka ninapoandika.

Riwaya ya Petina Gappah, *Out of Darkness, Shining Light* ya mwaka 2019, imefanya kile ambacho mahubiri yetu hayajafanya: imewapa waliobeba midomo. Wasimulizi wake wakuu ni wawili, Wainwright na Halima, mpishi wa Livingstone. Wainwright wa Gappah ni mcha Mungu wa kukera, anajipenda na kuupenda uchaji wake, na nadhani kila mmoja wetu ana ndugu wa namna hiyo kanisani. Lakini Halima ndiye anayekibeba kitabu, na Gappah amefanya vizuri kuanza naye. Anasema sana, anasengenya, anakumbuka nani alikula nini. Huwezi kumsoma ukamwita mikono.

Huyu Halima hakubuniwa. Yumo katika shajara za Livingstone mwenyewe. Mwaka 1872, wakati ule wa kusubiri pale Kwihara, aligombana na mwanamke mwenzake, Ntaoeka, akaondoka. Alijitoa. Livingstone alihangaika, akaenda kwa jirani, akamwandikia barua ya kumfuata. Kabla hiyo barua haijafanya kazi Halima akarudi kwa hiari yake. Daktari akaandika kumsifu, na akaweka nia kwamba wakifika Unguja atamwachia huru na kumnunulia nyumba na bustani.

Daktari alifika Unguja akiwa ndani ya magome ya mti. Halima alikuwa kwenye msafara.